Mama anasafishwa damu na mifupa inamuuma: tumzidishie maziwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Figo zake zilifeli na huu ni mwaka wa nne anasafishwa damu, mara mbili kwa wiki. Tangu kabla ya Ramadhani analalamikia mifupa: kiuno, nyonga, magoti mpaka visigino. Akikaa mkekani hainuki mpaka ashikwe mkono. Usiku anajikuna hadi ngozi inachubuka. Ili mifupa ipate nguvu tunampa maziwa glasi mbili kila siku, dagaa, na Ijumaa supu ya makongoro. Vidonge vya kalsiamu alivyoandikiwa anavimeza vyote kwa mpigo anapokwenda kulala, asije akasahau. Kipimo cha mwezi uliopita kimeandika fosforasi 2.6. Tukaambiwa iko juu, basi. Ninavyojua mimi fosforasi ni madini ya mifupa. Ikijaa, mifupa si ndiyo ingekuwa imara? Mbona inauma?
Binti, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mfikishie shikamoo yangu.

Nianze na ya haraka. Maziwa na dagaa simamisheni leo. Vile vidonge vya usiku, kama aliandikiwa kwa ajili ya fosforasi (na kwa mgonjwa wa mashine mara nyingi ndivyo ilivyo, ila waulize kliniki wakuthibitishie), vitoke kitandani vihamie kwenye sahani ya chakula. Sababu zake ni ndefu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri.

Swali lako la mwisho lina akili kuliko unavyodhani. Fosforasi ni madini ya mifupa kweli. Karibu asilimia 85 ya fosforasi yote ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Ila maabara haikupima mfupa, ilipima damu. Hiyo iliyojaa kwenye damu ya mama haielekei mifupani kwenda kuijenga. Sehemu yake inatoka huko huko mifupani.

Mwaka 1669, mjini Hamburg, Ujerumani, mtu mmoja aitwaye Hennig Brand alichemsha mkojo mwingi ajabu akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata, akaambulia kitu kinachong'aa gizani. Ndiyo fosforasi yenyewe, na ndivyo ilivyogunduliwa. Wagonjwa wangu huwa wanacheka nikiwasimulia, lakini kisa hiki wanakikumbuka kuliko somo lolote: njia kuu ya fosforasi kutoka mwilini ni mkojo. Mkojo ukikatika, fosforasi ya kila mlo inaingia na pa kutokea haina.

Sasa njoo shingoni. Nyuma ya tezi ya thairoidi kuna vitezi vinne vinavyoitwa parathairoidi, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kulinda kalsiamu ya damu isishuke, kwa kutumia homoni ambayo maabara huiandika PTH. Figo zikiugua, fosforasi inapanda, na papo hapo vitamini D nayo inakwama, kwa sababu hatua ya mwisho ya kuiandaa ili ifanye kazi hufanyika ndani ya figo. Bila vitamini hiyo, utumbo haunyonyi kalsiamu sawasawa. Kalsiamu ya damu inataka kushuka, vitezi vinastuka, vinamwaga PTH.

PTH ina amri mbili. Figo inaiambia: toa fosforasi kwa mkojo. Mfupa inauambia: fungua ghala, toa kalsiamu. Figo za mama hazisikii tena. Mfupa unasikia. Na kwenye ghala hilo kalsiamu na fosforasi zimetiwa gunia moja, huwezi kuchota hii ukaiacha ile. Kila ghala likifunguliwa, fosforasi nayo inamwagikia kwenye damu iliyokwisha kujaa, vitezi vinazidi kuchochewa, ghala linafunguliwa tena. Mambo yakienda hivi miaka, ile punje ya mchele inanenepa inakuwa kama harage, na ikishafika hapo inamwaga homoni hata kama kalsiamu imerudi mahali pake.

Mfupa unaochotwa usiku na mchana hubaki na vitundu na nyuzinyuzi pale palipokuwa pagumu. Ndiyo maana maumivu yake ni mazito, ya ndani, mgonjwa hawezi kukuonyesha kwa kidole kimoja, na yanazidi akisimama au akibeba uzito. Misuli ya mapaja na nyonga nayo hulegea. Hilo la mkeka uliloliandika ni dalili ambayo mimi mwenyewe huitafuta: namwambia mgonjwa akunje mikono kifuani ainuke kitini bila kushika kitu. Asipoweza, nishajua PTH niitilie shaka. Kule kujikuna pia kunaendana na fosforasi, japo kwa watu wa mashine kuwashwa kuna sababu zaidi ya moja.

Jambo moja lazima nikuambie bila kuficha. Namba 2.6 yenyewe haiumi. Nimewahi kuwa na wagonjwa wenye namba kama hiyo wanaocheza ngoma harusini. Fosforasi inafanya kazi yake kimya kwa miezi na miaka, na maumivu huja mwishoni. Kwa hiyo mkirekebisha chakula leo, msitarajie Ijumaa ijayo mama ainuke mkekani mwenyewe. Kujikuna kunaweza kupungua ndani ya wiki kadhaa. Mifupa huchukua miezi. Nasema hivi kwa sababu familia nyingi hujaribu wiki mbili, hawaoni badiliko, wanarudi kwenye maziwa.

Hayo maziwa tuyapigie hesabu. Glasi ya mililita 250 ina fosforasi kama miligramu 230. Glasi mbili ni 460 kwa siku, kwa wiki ni 3,220. Tuseme utumbo unanyonya nusu tu: zinaingia kwenye damu miligramu 1,600 hivi. Mashine nayo, kwa saa nne za kusafisha, hutoa takribani miligramu 600 hadi 900. Mama anakwenda mara mbili. Tuchukue 800 kila mara, ni 1,600. Umeona? Maziwa peke yake yanameza kazi yote ya mashine ya wiki nzima, na bado hamjampakulia ugali. Hata anayesafishwa mara tatu hasalimiki kwa mashine tu, kwa sababu fosforasi nyingi imejificha ndani ya seli za mwili na mifupani. Mashine inafagia iliyo kwenye damu, mgonjwa akifika nyumbani nyingine imeshatoka kujaza nafasi.

Dagaa wana shida ya namna yake: mnawala na vichwa na miiba, yaani mnakula mifupa. Tena wakiwa wamekaushwa, maji yametoka, madini yamebaki. Kwa mtoto anayekua hakuna chakula kizuri kama hicho, wajukuu wapewe bila wasiwasi. Mama apewe mnofu wa samaki mbichi, nguru au changu wa kuchemsha, au kuku, kipande kama kiganja chake. Ute wa yai ndio bora kuliko vyote: protini nyingi, fosforasi kidogo mno. Kiini ndicho kilichobeba karibu fosforasi yote. Wekeni ute wa mayai mawili, kiini kimoja au pasiwe na kiini kabisa, kaangeni na kitunguu.

Nasisitiza protini kwa sababu nimeona upande wa pili pia. Watoto wanasikia fosforasi iko kwenye nyama, wanamkatia mama nyama, samaki na yai, wanamwachia wali na mchicha. Baada ya miezi mitatu fosforasi imeshuka kweli, na mama naye ameshuka, nguo zinamvuka. Mgonjwa wa mashine anahitaji protini zaidi ya mtu mzima wa kawaida, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akiwa na kilo 55 ni kama gramu 60. Asinyimwe.

Makongoro sasa. Najua Ijumaa bila supu nyumbani kwenu ni kama siku imepungua kitu. Lakini imani kwamba supu ya mifupa inakwenda kujenga mifupa haina msingi mkubwa: mfupa hauyeyuki kirahisi kwenye maji ya moto, na kalsiamu inayopatikana humo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachopatikana ni chumvi, potasiamu iliyotoka kwenye nyama, na bakuli zima la maji kwa mtu ambaye maji yake yanapimwa kwa kikombe. Kuna kinyume kimoja hapa ambacho wapishi wetu hawakipendi: nyama ikichemshwa kwenye maji mengi, sehemu ya fosforasi huhamia kwenye maji. Kwa mgonjwa wa figo, supu ndiyo ya kumwaga na nyama ndiyo ya kuliwa. Chemsheni, mwageni, kisha muunge upya kwa kitunguu, tangawizi na ndimu.

Maharage na dona watu wanaviogopa kupita kiasi. Fosforasi yake imefungwa kwenye fitati, na tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuifungua vizuri, hivyo kiasi kikubwa kinapita kama kilivyoingia. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yachemshwe, maji yamwagwe tena. Hapo hata potasiamu inapungua. Kikombe kidogo mara mbili kwa wiki sitampigia kelele, kama potasiamu yake iko sawa.

Fosforasi ninayoipigia kelele ni ile inayotiwa kiwandani, kwa sababu hiyo hunyonywa karibu yote, asilimia 90 na zaidi. Soda nyeusi ina asidi ya fosforasi. Soseji, nyama za kopo, jibini ya kupaka na unga mweupe wa kutia kwenye kahawa vina fosfeti, na baadhi ya kuku wa barafu huchomwa maji yenye fosfeti ili wawe wazito na laini. Kwenye pakiti tafuta neno linaloanza na "phosph", au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452. Hata mandazi: ya baking poda mara nyingi yana fosfeti, ya hamira hayana. Akitaka andazi, litiwe hamira liumuke usiku kucha kama walivyofanya bibi zetu, aliteremshie chai ya rangi.

Nije kwenye vidonge, maana hapa ndipo penye kosa ambalo naliona karibu kila wiki, na si kosa la mama. Kidonge cha kabonati ya kalsiamu, kikiandikwa kwa ajili ya fosforasi, kazi yake ni kuikamata fosforasi ndani ya tumbo kabla haijanyonywa, vikashikana, vikatoka pamoja chooni. Ili ikamatwe, lazima vikutane. Akimeza saa nne usiku wakati chakula kilishapita, hakuna cha kukamata. Kinachotokea ni kalsiamu kunyonywa yenyewe na kuingia kwenye damu yenye fosforasi nyingi, na viwili hivyo vikizidi pamoja huganda kama chokaa: kwenye kuta za mishipa, kwenye vali za moyo, pembeni ya viungo, hata kwenye weupe wa macho yakawa mekundu. Mifupa inapungua madini huku mishipa inakuwa migumu kama mifupa. Na kusema kweli, hiyo mishipa na moyo ndiyo inayonitisha kuliko magoti.

Kwa hiyo: vigawanywe kwenye milo. Mlo mkubwa wenye nyama au samaki vingi zaidi, mlo mdogo kimoja, chai tupu hakuna. Atafune, ameze na tonge la kwanza au katikati ya kula. Idadi ya jumla msiiongeze wenyewe. Gramu moja nzima ya kabonati ya kalsiamu inakamata fosforasi kama miligramu 40 tu, ndiyo maana kidonge hakiwezi kuwa ruhusa ya kunywa maziwa. Kama anameza vidonge vya chuma au dawa ya thairoidi, viachane saa kadhaa na hivi, maana kalsiamu inazishika hizo pia.

Nilikuwa na mgonjwa, mwalimu mstaafu, aliyekuwa anavifunga vidonge vyake kwenye ncha ya leso, na leso mfukoni mwa shati. Harusini, sahani ya pilau ikifika, anafungua fundo, anatafuna viwili kama anatafuna karanga, ndipo anakula. Wajukuu walidhani ni pipi. Fosforasi yake ilikuwa nzuri kuliko ya watu nusu ya umri wake.

Zipo dawa nyingine za kukamata zisizo na kalsiamu, kama sevelama na lanthanamu. Ni ghali zaidi lakini kwa mtu ambaye kalsiamu yake imeshapanda au mishipa imeanza kuganda ndizo zinazofaa. Zile za alumini tuliziacha kwa matumizi ya muda mrefu baada ya kuona alumini yenyewe inaharibu mifupa na ubongo wa wagonjwa wa mashine. Hapo nawatahadharisha na dawa za kiungulia za dukani, za maji meupe na za kutafuna: nyingi ni alumini na magnesiamu. Mama asinunuliwe.

Mkienda kliniki, ombeni PTH ipimwe. Bila hiyo tunapiga ramli. Pamoja nayo kalsiamu, albumini (protini ya damu), na alkalaini fosfatezi, ambayo hupanda mfupa unapovunjwa na kujengwa kwa kasi. Picha ya eksirei ya vidole vya mkono inaweza kuonyesha mfupa ulivyolika pembeni, kama kiberiti kilichotafunwa na panya. PTH ya mtu mzima mwenye figo nzuri iko chini ya 65 hivi, kwa kipimo cha pg/mL. Kwa mtu wa mashine tunairuhusu iwe mara 2 hadi 9 ya kikomo hicho, na hatuikandamizi mpaka chini kabisa, kwa sababu mfupa ambao haufanyiwi ukarabati wowote nao huvunjika na kuuma.

Ikionekana iko juu mno, daktari wenu ana vitu vitatu mkononi. Kuna vitamini D iliyokwisha kuandaliwa, alfakalsidoli au kalsitrioli. Hii hunyamazisha vitezi, ila huongeza pia unyonyaji wa fosforasi, kwa hiyo mkimkimbilia nayo fosforasi ikiwa bado 2.6 mnamwagia mafuta moto. Kuna sinakalseti, inayovidanganya vitezi kwamba kalsiamu ipo tele. Hiyo inataka kalsiamu isiwe chini. Vyote vikishindwa, kuna upasuaji wa kuvitoa vitezi vilivyonenepa, na maumivu ya mifupa mara nyingi hupungua haraka baada yake, ingawa siku za mwanzo kalsiamu huporomoka na mgonjwa hulazwa akichungwa. Na kama uwezo upo wa kwenda mashine mara ya tatu kwa wiki, hata kwa miezi michache, nenda. Najua ni rahisi kwangu kuandika.

Kwa maumivu ya sasa, parasetamoli, kwa kiwango atakachoandikiwa. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake hapana, hata kama jirani anaapa kwamba zilimponya. Kwa mtu anayepewa dawa ya kuzuia damu kuganda kila akiwa mashine, tumbo linaweza kuvuja damu kimyakimya. Na kama bado anapata mkojo hata kikombe kimoja kwa siku, mkojo huo ni mali. Dawa hizo zinaweza kuumaliza. Mkeka mbadilishieni kiti chenye mikono, na taa ya njia ya chooni iwake usiku kucha. Mfupa uliolika hauhitaji kuanguka kukubwa.

Yapo yasiyosubiri kliniki. Maumivu ya mgongo mahali pamoja, yenye homa au baridi ya kutetemeka, hasa kama anatumia mrija wa shingoni: hiyo inaweza kuwa ambukizo lililotua kwenye uti wa mgongo, na kifua kikuu cha uti nacho kwetu kipo. Mguu kushindwa kukanyaga ghafla baada ya kujikwaa. Vidonda vyeusi vya ngozi vinavyouma kupita kiasi, mapajani au tumboni. Ganzi mdomoni na vidole kukakamaa. Lolote kati ya hayo, hospitali siku hiyo hiyo. Na kama figo zilifeli bila sababu kujulikana, mkumbusheni daktari aangalie saratani ya uroto wa mifupa, kwa sababu ugonjwa huo huua figo na kuumiza mifupa kwa pamoja, na hauhusiani na maziwa.

PTH ikitoka niandikie namba pamoja na herufi zinazoifuata. Maabara nyingine huandika pg/mL, nyingine pmol/L, na 60 ya kwanza ni ya mtu mzima wa afya, 60 ya pili ni kama 566 ya kwanza. Fosforasi nayo angalieni karatasi: 2.6 ya mmol/L ni sawa na 8 ya mg/dL, lakini 2.6 ya mg/dL ingekuwa ya kawaida, na barua hii yote nisingeiandika.